"Kila mtu ananipa chanzo cha ugonjwa wangu. Nimemsusa mama, na bado sijapona"

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana, kwa hiyo nisamehe ikija ovyo ovyo.

Tangu nina miaka 15 nina jambo ambalo sijui niliite tabia au ugonjwa. Nashinda bila kula, au nakula kidogo sana mbele za watu, halafu nikipata nyumba tupu nakula kama mtu aliyekuwa kifungoni. Nakula nimesimama, sisikii hata ladha, mpaka tumbo linauma. Kisha naenda kutapika. Nikimaliza naapa kwamba kesho naanza upya, na kesho inakuwa ile ile. Mimba zangu zote mbili iliniachia kabisa, nikadhani nimepona. Ilirudi.

Ukiniona njiani hutajua lolote. Sijakonda. Nadhani ndiyo maana nimeweza kuficha miaka yote hii.

Mwaka jana mume wangu alirudi mapema akanikuta nimepiga magoti chooni. Alidhani nina mimba, akafurahi. Ilibidi nimweleze. Alilia, akanikumbatia, akaniambia, "Hili ni suala la kuamua tu, mke wangu, ukiamua utaacha." Hakuwa na ubaya. Ila tangu siku hiyo nikishindwa naona nimemsaliti na yeye.

Akamwambia dada yake, na hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Wifi anasema ni hizi simu, tunaangalia wanawake wa kwenye picha tunataka kufanana nao. Wakati naanza sikuwa na simu. Rafiki yangu wa karibu anasema lazima kuna mtu alinifanyia kitu kibaya utotoni, nimesahau tu, nikae chini nikumbuke. Nimekaa, shangazi. Nimepitisha kichwani wajomba, majirani, walimu, mmoja mmoja. Sijakumbuka kitu, ila nimeanza kuwaogopa watu ambao hawajawahi kunigusa.

Halafu nikaenda semina ya wanawake ya siku mbili. Msemaji alisema maradhi ya chakula ni maradhi ya mama, kwamba chakula cha kwanza cha mtu ni mama yake, na anayetapika chakula anamtapika mama. Ukumbi mzima tulilia. Mimi nikakumbuka siku moja tuko kwa fundi cherehani, nina miaka 15, gauni halifungi, mama akacheka mbele ya watu: "Huyu naye anaumuka kama unga uliotiwa hamira." Nilitamani ardhi ipasuke. Na alikuwa akinitania hivyo mara kwa mara, mimi na mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa anacheka naye, mpaka leo anakula vizuri na hana habari. Mimi ndiye niliyeshika.

Usiku ule wa semina nilimpigia mama nikamwambia yeye ndiye aliyeniharibia maisha. Nikakata. Ni miezi saba sasa sijaongea naye. Kila baada ya siku chache ananitumia ujumbe ule ule: "Mwanangu, niambie nilikosa wapi." Mdogo wangu anasema amekonda, hatoki nje. Sasa anaomba kuja kukaa nasi wiki moja watoto wakifunga shule, na mume wangu anataka aje.

Nilidhani nikikipata chanzo nitapona. Chanzo ninacho miezi saba, na natapika kuliko zamani.

Labda nikueleze na haya, sijui kama yana maana. Mwaka ule wa miaka 15, kabla ya siku ya fundi, niliugua homa iliyonilaza wiki tatu. Nilipotoka kila mtu alinisifia jinsi nilivyopungua. Na dada yake mama, ambaye ni marehemu, hakuwahi kula na watu. Alikuwa mwembamba mno, nyumbani ilikuwa inasemwa ni maringo.

Binti yangu ana miaka 11. Juzi ameniuliza, "Mama, mimi nimenenepa?" Nilishindwa kujibu, nikajifanya naitwa nje. Je, nimemwambukiza? Je, nimruhusu mama yangu aingie kwenye nyumba yenye huyu mtoto? Na nikimsamehe, si nitakuwa nimerudi sifuri, bila chanzo tena?

Jambo la mwisho sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilizirai kazini, na kuna nyakati moyo unaruka-ruka. Nilisema ni uchovu. Yule msemaji alituambia hospitali wanatibu majani, mzizi ni kazi yetu.

Aliyechoka kutafuta

*

Marahaba, mwanangu.

Naanzia pale ulipomalizia, kwa sababu umeliweka mwishoni jambo lililopaswa kuwa mstari wa kwanza. Kutapika mara kwa mara kunamwaga potasiamu, madini ambayo moyo unayategemea ili upige kwa mpangilio. Mtu anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, asitiliwe shaka na yeyote, na potasiamu yake ikawa imeshuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Kuzirai na moyo kuruka-ruka havisubiri mzizi upatikane. Nenda ukapimwe damu na mapigo ya moyo wiki hii hii, na hali hiyo ikijirudia hata mara moja, nenda saa hiyo hiyo. Na ukifika mwambie daktari waziwazi kwamba unatapika kwa kukusudia, maana asipojua atahangaika na mengine. Katika yote nitakayokuandikia humu, mengi ni ya kupima mwenyewe. Hili nakuomba usilipime.

Sasa tukae tuzungumze.

Nikikuelewa vizuri, unabeba mizigo miwili iliyofungwa kamba moja. Mmoja ni maradhi yenyewe, ambayo yana jina: bulimia. Mwingine ni kesi ya nani aliyeyaleta. Umeaminishwa kwamba ukishinda kesi, maradhi yataondoka. Umemtia mshtakiwa hatiani, umemfungia nje miezi saba, na maradhi hayajaondoka. Halafu unaniuliza itakuwaje ukimwachilia. Swali hilo ni zuri kuliko unavyodhani, lakini kabla sijaligusa nataka turudi kwenye barua yako mwenyewe. Umeandika ushahidi kisha ukaupita.

Unasema mlitaniwa wawili. Mama mmoja, nyumba moja, maneno yale yale. Mmoja akacheka na mwingine akashika. Kama maneno yale peke yake yangekuwa chanzo, mdogo wako naye yangemkuta. Lazima kulikuwa na kitu ndani yako, au katika wakati wako, kilichoyafanya yashike.

Unasema pia kwamba mama mkubwa wako au mdogo, hukunieleza, alikuwa mwembamba mno na hakuwahi kula na watu. Siwezi kumpima mtu aliyekwisha kufa kwa mistari miwili ya barua. Lakini utafiti wa pacha umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya hatari ya maradhi haya hurithiwa: pacha wanaofanana kila kitu hushabihiana kwa maradhi haya kuliko pacha wasiofanana. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa jeni za karibu wagonjwa 17,000 wa anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula ambayo ni ndugu wa bulimia, wakapata sehemu nane za jeni zinazohusika. Kilichowashangaza wengi ni kwamba baadhi ya mahusiano hayo yaligusa jinsi mwili unavyotumia chakula, mbali na yale ya akili na hisia. Huenda shangazi zetu wengi walioitwa wenye maringo walikuwa wagonjwa tu, na hakuna aliyewauliza.

Halafu ile homa. Hii ndiyo niliyoirudia mara tatu kuisoma. Ulipungua kabla ya siku ya fundi. Wiki tatu mwili wako ulikosa chakula, na ulipotoka kitandani ukapokelewa kwa sifa. Ngoja nikusimulie habari moja. Mwaka 1944, vita kuu ikielekea ukingoni, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani aliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, akataka kujua njaa inamfanya nini binadamu ili ijulikane jinsi ya kuwalisha walionusurika vitani. Kwa karibu miezi sita walilishwa kidogo kuliko miili yao ilivyohitaji. Wanaume hawa hawakuwa na habari na mitindo wala vioo. Lakini njaa ilipoingia wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuchezea chakula sahanini ili kisiishe, kununa na kujitenga. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula wakashindwa kuacha, wanashiba tumbo lakini bado wana njaa, na mmoja mmoja akala hadi akatapika.

Hawakuhitaji mama mbaya. Mwili ulionyimwa unafanya hivyo. Kwa hiyo unaposhinda bila kula halafu usiku ukala "kama mtu aliyekuwa kifungoni", umepata neno sahihi kabisa, maana mchana mzima ulikuwa kifungoni kweli. Mume wako anaposema uamue, mpe habari hii asome. Kuamua unaamua kila asubuhi, na uamuzi wenyewe, ule wa kushinda njaa, ndio unaoitengeneza jioni.

Huyo msemaji wa semina hakubuni jambo jipya. Ni wazo la zamani. William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris walipoyaeleza maradhi ya kujinyima chakula miaka ya 1873 na 1874, Gull aliona kwamba ndugu wa mgonjwa ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Baadaye, katika karne ya 20, kidole kikamgeukia mama hasa, na akina mama wengi wakaondolewa kwenye vitanda vya binti zao wakiambiwa wao ndio sumu. Imechukua muda mrefu kuligeuza. Madaktari wa hospitali ya Maudsley ya London, katika miaka ya 1980, walijaribu kinyume chake: wakawarudisha wazazi mezani kusaidia kumlisha mtoto, na kwa vijana wengi ikafanya kazi vizuri kuliko kuwatenga. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maradhi haya kilitoa tamko kwamba mambo ya familia yanaweza kuchangia, lakini hakuna ushahidi kuwa familia ndiyo chanzo pekee, wala hata chanzo kikuu. Habari kama hizo hazimlizi mtu ukumbini, nadhani ndiyo sababu haziko kwenye semina.

Wengine wanaokupa sababu sitawachukulia muda mrefu, ila mmoja.

Wifi yako ana chembe ya ukweli. Televisheni ilipofika eneo moja la Fiji, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwahoji mabinti wa shule: hakuna aliyesema hutapika ili kupunguza mwili. Mwaka 1998 waliosema hivyo walikuwa takriban asilimia 11. Picha zina nguvu. Lakini hesabu na upande wa pili: walio wengi waliangalia picha zile zile na hawakutapika. Na wagonjwa wa Gull waliishi kabla hata ya sinema.

Rafiki yako ndiye aliyenitia wasiwasi. Kudhulumiwa utotoni ni jambo la kweli, na huongeza hatari ya maradhi ya chakula kama linavyoongeza hatari ya sonona na mengine mengi. Mwanamke anayelikumbuka anastahili kuaminiwa na kusaidiwa. Lakini wapo wagonjwa wengi ambao halikuwapata kabisa, na mtu hapaswi kuamriwa akumbuke. Kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu; ukiibana kila usiku ikupe sura, inaweza kukupa sura. Umeniambia umeanza kuwaogopa watu ambao hawajakugusa. Mimi ningeacha kuchimba. Kama lipo na litakuja lenyewe, lije ukiwa na mtaalamu pembeni yako.

Nirudi kwenye swali lako la kurudi sifuri. Unahofia kwamba ukimsamehe mama utabaki bila chanzo, na bila chanzo hakuna tiba. Bulimia ilielezwa na kupewa jina mwaka 1979 na daktari Gerald Russell, hapo hapo London, kutokana na wagonjwa 30, na wengi wao walikuwa kama wewe, huwezi kuwajua kwa macho. Tiba ya mazungumzo iliyokuja kufanyiwa utafiti mwingi kuliko nyingine kwa watu wazima wenye bulimia, iliyojengwa na Christopher Fairburn na wenzake Oxford, haianzi kwa kuuliza nani alikukosea. Inaanza na chakula: kula kwa saa zinazoeleweka, bila kuruka, ili ile njaa ya kifungoni isipate nafasi. Inashughulika zaidi na kinachoyalisha maradhi leo kuliko kilichoyazaa miaka 21 iliyopita. Moto ukiwaka nyumbani, mtu anatafuta maji kwanza. Wapo pia wanaosaidiwa na dawa pamoja na mazungumzo, na hilo daktari atakueleza. Haiponyi kila mtu, na wengine huteleza na kurudi. Lakini wanaopona ni wengi, na wengi wao hawatajua kamwe kwa nini wao na si wadogo zao.

Kwa hiyo ninachokuuliza, nawe ujijibu taratibu: je, hii kesi ya mama imekuwa ikikusaidia kupona, au imekuwa ikikupa sababu ya kutokwenda kwa daktari?

Usinielewe vibaya. Siji kumtetea mama yako. Kumcheka binti wa miaka 15 mbele ya fundi ni kumvunja, na kuumia kwako kulikuwa kwa haki. Unaweza kumdai radhi kwa hilo bila kumbebesha maradhi yote. Mambo hayo mawili umeyaunganisha, nawe unaogopa ukifungua moja yote yatamwagika. Mama akikuuliza "nilikosa wapi", jibu la kweli linaweza kuwa fupi: siku ile kwa fundi. Na hapo hapo unaweza kumwambia kwamba hakukuua.

Aje au asije? Naziona njia tatu, na kila moja ina bei yake. Akija wiki nzima sasa, mkiwa bado hamjaongea, mtakuwa mnakutana mara tatu kwa siku mahali ambapo wewe ni dhaifu kuliko popote, yaani mezani. Huenda ikawa faraja, huenda ukamaliza wiki unatapika zaidi. Ukimwambia asubiri mpaka uanze tiba, unajipa nafasi, lakini kwa mzee aliyekonda na asiyetoka nje, "subiri" bila neno jingine inaweza kusikika kama "usije kamwe". Njia ya katikati ni muongee kwanza kwa simu, au muonane siku moja, mahali pasipo na chakula, mume wako akiwepo au asiwepo utakavyo. Unaweza hata kumwekea sharti moja: nyumbani kwangu hakuna anayezungumzia mwili wa mtu, si wangu, si wa watoto, hata kwa kusifu. Wewe unamjua mama yako, mimi simjui. Wapo akina mama wanaoshika sharti kama hilo kwa shukrani, na wapo wanaoona wametukanwa.

Na kuna jambo ambalo yeye peke yake anaweza kukupa: habari za dada yake. Alianza lini, alikuwa anakula nini, alikufa na nini. Daktari atakuuliza kuhusu ukoo wako, na anayejua ni huyo uliyemzimia simu.

Binti yako sasa. Hujamwambukiza. Kama kuna kitu amerithi, amerithi uwezekano, kama mtoto wa mwenye kisukari, na uwezekano si hukumu. Umri wa miaka 11 mwili unajiandaa kubalehe na ni kawaida kabisa uongezeke. Wasichana wengi huliona hilo na kuogopa. Swali lake bado liko hewani. Unaweza kulirudia mwenyewe, jioni yoyote: "Uliniuliza siku ile, nikakimbia. Nani amekwambia umenenepa?" Kisha sikiliza zaidi kuliko kujibu. Ukianza kuona anaruka milo, anajificha wakati wa kula, au anasimama kukua, usisubiri, mpeleke mapema, kwa sababu maradhi haya yakishikwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Kuhusu kumweleza yako, watoto wa umri huo huwa wameshaona mengi. "Mama ana ugonjwa unaomsumbua kwenye kula, na anatibiwa" ni sentensi inayomtosha. Ila nusu yake ya pili inabidi iwe kweli kwanza.

Ukishapimwa damu, niandikie. Na ule ujumbe wa mama yako, kama bado huna la kuujibu, mwandikie tu kwamba umeusoma.